Kofia kwa Nyumbani, Kalamu kwa Kazi

Fundi Idarus alikuwa na masanduku mawili ya barua ndani ya kompyuta moja, na mimi ndiye niliyekuwa nikiyafungua. La kwanza lilikuwa la kazi: wenye hoteli za Diani waliagiza humo vitanda vya besera, vile vya nguzo nne, na milango ya nakshi. La pili lilikuwa la nyumbani, na humo aliandikiana na mtu mmoja tu, Bi Zubeda, mjane, rafiki wa utotoni wa dada yake Fundi, aliyekuwa akikaa Maskati kwa kaka yake.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na tisa. Karakana yetu ilikuwa Likoni, kwenye barabara ya kwenda Mtongwe, na watu walikuwa wakisimama dirishani kuitazama kompyuta kama wanaotazama maiti ya papa. Aliyeileta ni Khatibu, mpwa wa Fundi, aliyekuwa akitengeneza kompyuta mjini. Aliiunga na waya wa simu, akafungua masanduku mawili kwa majina mawili na maneno ya siri mawili, kisha akamketisha mjomba wake mbele ya vibonye. Fundi alikuwa na vidole vya mtu aliyeshika randa miaka arubaini. Akibonyeza herufi moja, zilitoka tatu.

"Khatibu, kitu hiki kimetengenezewa watoto," alisema. "Niitie Nyamvula."

Nilikuwa nyuma ya mlango mpya, nikipiga msasa mguu wa kitanda. "Abee," nikaitika.

"Ndoo ukae hapa," alisema, akinipisha kiti. "Una vidole vyembamba."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya pili. Shule niliiachia darasa la sita, lakini herufi nilizijua zote, na za kompyuta hazikuzidi hizo. Tena kazi yenyewe ilinifaa, maana mimi si msemaji. Mteja akiingia, ulimi wangu hutafuta pa kujificha. Kwenye kompyuta mtu husema bila kutazamwa usoni.

Khatibu alinionya jambo moja tu. "Brauza ni kama bawabu mvivu," aliniambia. "Ukishaingia sanduku moja, hakuulizi tena wewe nani. Utakuwa humo mpaka useme unatoka. Kwa hiyo kabla ya kufungua la pili, bonyeza hapa pa kutoka. Ukisahau, utaandika ya kazi kwa jina la nyumbani, na bawabu atakutazama tu."

Fundi naye akatia sheria yake juu ya ile ya Khatibu. "Kazi ni ukumbini, na mambo yangu ni ndani," alisema. "Mgeni wa ukumbini hapewi habari za ndani. Ukiwa umefungua la kazi, Nyamvula, ya ndani huyajui. Hata kama ni wewe uliyeyaandika kwa mikono yako. Umesikia?"

"Abee."

"Usije ukaniambia ulisahau."

Sikuhitaji kukumbuka sana, kwa sababu kichwa cha Fundi kilikuwa kikiniambia. Barua za kazi alikuja kunitajia niziandike vile alivyo, maranda kwenye nywele na kalamu ya risasi sikioni. Lakini ikiwa ni barua ya Bi Zubeda, alikwenda bombani akaosha mikono mpaka viwiko, akajipaka mafuta ya udi, akavaa kofia yake ya vito, ile iliyotariziwa kwa mkono, ndipo akaketi kwenye kigoda nyuma yangu.

"Fundi, kwani anakuona?" nilimwuliza siku moja, kwa sauti ndogo hata ikabidi nirudie.

"Heshima haingoji mato," alinijibu; macho, kwa Kimvita chake, ni mato.

Basi nikiona kalamu, nafungua la kazi. Nikiona kofia, natoka la kazi, nafungua la nyumbani. Miezi minane sikukosea hata mara moja.

Kilichonitesa ni barua zenyewe. Fundi alikuwa akisema mambo ambayo sikupata kuyasikia yakisemwa na mtu mzima, nami nimempa mgongo, masikio yanawaka.

"Andika: Tangu barua yako iliyopita, usingizi umenihama."

Niliandika, huku nikitazama ule ubao wa mvule ambao nusu saa kabla alikuwa amelala juu yake, akikoroma hata paka wa jirani akahama dirishani.

Siku Bi Zubeda alipomwuliza umri, Fundi alikohoa. "Andika hamsini na mbili."

Vidole vyangu vilisimama. Kwenye faili la leseni mlikuwa na nakala ya kitambulisho chake, na mimi ndiye niliyeitoboa matundu. Alizaliwa mwaka wa arubaini na moja.

"Mbona umenyamaza?"

"Mimi hunyamaza siku zote, Fundi."

"Hamsini na mbili. Ndio umri wa moyo wangu."

Nikaandika umri wa moyo wake. Ndevu pia zilikuwa za umri huo, kwa sababu kila Ijumaa ya pili alizipaka piko, ile rangi nyeusi. Dada yake, Bi Mwanaima, mamake Khatibu, aliyekaa nyumba ya pili na kutuletea chakula cha mchana, hakumwonea haya. "Bwana harusi!" alikuwa akimwita tangu mlangoni. "Leo piko umeifikisha mpaka shavuni. Ukiendelea hivyo, mwezi ujao utakuwa na ndevu za paji la uso."

Fundi alivumilia, kwa sababu jambo lilikuwa limekwisha kuwa kubwa. Alikuwa amepeleka posa. Bi Zubeda alikuwa radhi, lakini alisema neno la mwisho ni la kaka yake, Bwana Abdillahi. Na Bwana Abdillahi alikuwa na posa nyingine mkononi, ya mtu wa Tanga mwenye duka la majokofu. Angeamua kabla ya mwezi kwisha. Fundi alikuwa mjane mwaka wa tisa, na kwenye pembe ya karakana alikuwa amekwisha kuanza kuchonga kitanda ambacho hakikuwamo kwenye agizo la hoteli yoyote.

Asubuhi moja Fundi alikuja na kalamu sikioni, nikafungua sanduku la kazi. Kulikuwa na barua ya mtu mgeni. Nikaisoma kwa sauti:

*"Kwa mkuu wa karakana. Baada ya salamu, yuko mtu aitwaye Idarus, fundi seremala, ambaye tunafahamu anafanya kazi kwenu. Amemposa dada yangu. Kwa desturi yetu hatumwozi mtu bila ya kuulizia, na hapa Maskati hapana jirani yake wa kumwuliza. Anwani yenu nimeipata kwenye kikaratasi cha hoteli. Tafadhalini tuelezeni bila ya kuficha: umri wake, mwenendo wake, afya yake na hasira zake. Jibu lenu ndilo tutakaloamulia. Abdillahi."*

Fundi aliitoa kalamu sikioni, akaitazama, akairudisha. Katika barua zake alijiita fundi tu. Hakupata kusema karakana ni yake.

Bi Mwanaima, aliyekuwa akimimina chai, aliweka birika chini. "Hiyo ni rehema, Idarus! Unaulizwa habari zako mwenyewe. Jisifu! Sema wewe ni malaika aliyekosa mbawa tu. Nani atajua?"

"Mtu hajitolei ushahidi, dada."

"Basi mimi nitakutolea. Nyamvula, andika: Idarus ni kijana..."

"Wallahi hakuna atakayeandika hivyo!" Fundi alisimama. Alikwenda bombani, akarudi na kofia, akaniambia nitoke la kazi nifungue la nyumbani, aone kama Bi Zubeda amemdokeza lolote. Hamkuwa na kitu. Akaivua kofia, akaitundika msumarini.

"Wameiuliza ofisi, na ofisi itajibu," alisema. "Andika wewe, Nyamvula. Umefanya kazi nami miaka mitatu. Yale yanayojulikana hapa ukumbini uyaseme, na ya ndani huyajui. Mimi nakwenda Mtongwe kupima mlango. Shahidi hasemi mbele ya anayeshuhudiwa."

Bi Mwanaima alimfuata mpaka nje. "Na huyu mtoto hawezi hata kumwita mwenye mkokoteni! Ndiye umemwachia ndoa yako?"

Sikusikia alichojibu. Lakini baada ya kidogo kichwa cha Fundi kilirudi mlangoni.

"Nyamvula."

"Abee."

"Ofisi... ofisi si ina moyo mwema?"

"Ina, Fundi."

Akaenda.

Nilikaa mbele ya kompyuta. Bi Mwanaima alikuwa amerudi kwake, na karakana ilikuwa kimya. Nilifikiri juu ya mtu wa Tanga. Nilifikiri juu ya kile kitanda cha pembeni. Kisha nilifikiri juu ya Bi Zubeda, ambaye angekuja kuishi na yale nitakayoyaandika, na nikaona siwezi kumfanyia mwanamke mwenzangu hila. Nikaandika kwa vidole viwili, mpaka adhuhuri:

*"Kwa Bwana Abdillahi. Wa alaykumu salaam. Barua yako ofisi imeipata. Idarus ana umri wa miaka hamsini na minane, kwa mujibu wa kitambulisho kilicho kwenye faili. Ndevu zake ni nyeusi wiki ya kwanza, kisha hubadilika, kisha huwa nyeusi tena. Afya yake ni njema ila goti la kushoto, ambalo hutabiri mvua. Hasira anazo, lakini ni za kabla ya chai. Kila siku hupoteza kalamu, akashuku kila mtu, kisha akaipata sikioni mwake, akaomba radhi kila mtu mmoja mmoja. Kitanda akikuahidi wiki mbili, hesabu tano. Mfanyakazi akiumwa, hata wiki haipiti bila kwenda kumtazama, na hubeba maembe mabichi, ambayo si chakula cha mgonjwa, lakini hubeba. Huimba akipiga randa, na sauti si nzuri. Mchana hulala juu ya mbao na hukoroma sana. Ya usiku ofisi haiyajui. Katika miaka mitatu hajapata kumwinulia mfanyakazi sauti mbele ya mteja. Hayo ndiyo tunayoyajua. Wako, Ofisi ya Karakana."*

Umri ulinishughulisha. Mkono wangu huuhuu ulikuwa umemwandikia Bi Zubeda hamsini na mbili. Lakini sheria ilikuwa ya Fundi mwenyewe: ofisi haijui ya ndani. Nikaacha hamsini na minane, nikatia anwani ya Bwana Abdillahi, ambayo nilikuwa nimeinakili kwenye kipande cha mbao, nikaipeleka. Nikarudi kwenye msasa wangu nikiwa nimeridhika kama mtu aliyepika wali ukatoka mmoja mmoja.

Alasiri Fundi alirudi. Hakuniuliza kitu. Alikwenda bombani, akapaka udi, akavaa kofia. "Fungua ndani," alisema. "Nimsalimu tu."

Nikaketi. Kwa mazoea nikapeleka mkono pale pa kutoka, nitoke la kazi. Ndipo nilipotazama jina lililoandikwa juu.

Halikuwa la karakana. Lilikuwa lake. Bawabu mvivu alikuwa amekaa ndani ya sanduku la nyumbani tangu asubuhi, tangu kofia ilipovaliwa na kuvuliwa. Na mimi nilikuwa nimeandika peke yangu, bila kichwa cha kutazama. Katika orodha ya barua zilizokwenda, ya juu kabisa ilikuwa ile ya ushahidi, imetoka kwa Idarus, imekwenda kwa Bwana Abdillahi.

"Fungua basi, mwanangu."

"Imefunguka, Fundi."

"Kuna nini?"

Nikaonyesha kioo kwa kidole, kisha nikamwonyesha yeye, kisha kioo tena. Fundi hakuwa akiona herufi ndogo zile. "Nisomee," alisema.

Nikamsomea yote. Lile neno la sauti si nzuri nililipitisha haraka, akanirudisha. Nilipomaliza, nikamweleza, kwa maneno ambayo nadhani hayakufika kumi, kwamba imetoka sanduku la nyumbani. Kwamba huko Maskati itasomeka kuwa ni yeye aliyeandika, akijifanya ofisi, akijisema.

Fundi alikwenda kuketi juu ya kile kitanda cha pembeni. Kikatoa mlio.

"Hamsini na minane," alisema.

"Ndivyo faili lisemavyo, Fundi."

"Na piko?"

"Piko yaonekana ukumbini."

Nilikuwa nimekwisha kuanza kukunja leso yangu, ili nitakapofukuzwa nisihangaike. "Sheria niliitunga mwenyewe," alisema mwishowe. "Wewe umeifuata. Nenda nyumbani, uje kesho."

Kesho nilikwenda, na siku zilizofuata. Hakukuwa na barua, wala ndani wala ukumbini. Ijumaa ya piko ikaja, Fundi hakupaka. Mizizi ya ndevu ikaanza kutoa weupe, na kila siku weupe ulishuka kidogo, kama maji yakupwapo na kuacha mchanga. Kile kitanda alikifunika kwa gunia. Bi Mwanaima alileta chakula, akamtazama, na kwa mara ya kwanza hakumwita bwana harusi. Ulimi wake ulinigeukia mimi.

"Hongera, binti. Watu huvunja ndoa kwa uganga. Wewe umetumia goti."

Siku ya kumi na moja, Fundi akiwa na kalamu sikioni, nilifungua sanduku la kazi. Nikaona jina la Bwana Abdillahi. Nikasoma kwa sauti, Bi Mwanaima naye akisikiliza.

*"Kwa mkuu wa karakana. Nilikuandikieni ninyi, amenijibu Idarus mwenyewe kutoka sanduku lake. Kwanza nilikasirika. Lakini huyu wa Tanga ametuletea barua tatu za watu watatu wanaomsifu, na zote zina mwandiko mmoja. Huyu wenu amekaa akajiandikia aibu zake, mpaka umri aliokuwa ameupunguza akaurudisha. Mtu wa namna hii sijapata kumwona. Dada yangu alipoisoma alicheka hata akakaa chini. Mwambieni posa yake tumeipokea."*

Bi Mwanaima alipiga kigelegele hata mwenye kuuza kahawa akaingia kuuliza nani amezaa. Alimkumbatia kaka yake, kisha akanikumbatia mimi, kisha akaikumbatia kompyuta. "Liondoe gunia!" alisema. "Kitanda kinakosa hewa!"

Fundi hakucheka. "Wamempokea mtu aliyejisema mwenyewe," alisema. "Mimi sikujisema. Mimi nilisema hamsini na mbili."

"Idarus! Nyamaza, nakuomba kwa kaburi la mama. Mlango umefunguliwa, wewe waulizia ufunguo?"

Siku hiyo hakupiga randa, wala hakuimba. Nami nilipiga msasa ubao mmoja mpaka ukakaribia kuwa karatasi, kwa sababu nilijua kosa ni langu na heri ni yake, na sasa anataka kuirudisha.

Asubuhi yake alikuja mapema. Alikuwa ameosha mikono. Alinukia udi. Kichwani kofia ya vito, na sikioni, chini ya kofia, kalamu.

Nikaketi mbele ya vibonye, nikamgeukia. "Fundi, nifungue lipi?"

"Yeo, yote mawili. Lakini moja baada ya moja, na utoke katikati. Tumejifunza."

Nikafungua la nyumbani. Alinitajia maneno polepole, na safari hii sikuona haya kuandika:

*"Bi Zubeda. Ile barua sikuiandika mimi. Aliiandika binti anayefanya kazi nami, kwa niaba ya karakana, ambayo ni yangu, nayo ikatoka kwa jina langu kwa bahati mbaya. Yaliyomo ni kweli yote, ila sauti yangu, ambayo bado nina shaka nayo. Hamsini na mbili nilikudanganya. Ukiirudisha posa, nitajua ni haki yako."*

Nikatoka. Nikafungua la kazi, akamwandikia Bwana Abdillahi maneno hayohayo, bila ya hilo la sauti. Kisha akaniambia nizime, akaenda kukaa nje juu ya gogo, na kofia yake na kalamu yake, kama mtu ambaye hajui kama amekuja kazini au harusini.

Jibu lilikuja siku ya tatu, sanduku la nyumbani. Fundi alikuwa na kofia. Bi Mwanaima alisimama nyuma yake, ameshika mwiko, na ubwabwa wake jikoni ukiungua. Nikasoma:

*"Idarus. Mimi nilijua tangu mstari wa kukoroma. Hakuna mwanamume ajuaye kwamba anakoroma. Marehemu aliniapia miaka kumi na tisa kwamba ni paka. Nilimwacha kaka yangu aamini alivyoamini, nikangoja nione kama utaipokea sifa isiyo yako. Hukuipokea, basi mimi nakupokea wewe. Hamsini na minane si neno. Mimi nilikwambia arubaini na tatu, nawe hukuuliza faili. Haya ni ya ndani, kaka yangu asiyasikie. Na huyo binti wa ofisi mfungulie sanduku lake mwenyewe, nina maswali."*

Bi Mwanaima alikaa juu ya kitanda, gunia na yote. "Arubaini na tatu!" alisema. "Zubeda! Mimi na Zubeda tulitobolewa masikio mwaka mmoja!"

"Na wewe una miaka mingapi, dada?" Fundi aliuliza.

"Hayo ni ya ndani," alisema Bi Mwanaima, akakimbilia ubwabwa wake.

Khatibu alikuja Jumapili, akanifungulia sanduku la tatu. Aliniuliza neno la siri, nikamnong'oneza, na hata hivyo nilimwambia ageuke nilipolibonyeza. Fundi alisimama mlangoni ameshika randa.

"Sasa nitajuaje umefungua lako?" aliuliza. "Mimi nina kofia na kalamu. Wewe una nini?"

Nilivuta leso yangu kichwani, nikaifunga upya, vizuri.

"Haya, hiyo yatosha," alisema, akarudi kwenye mbao zake kuimba.

Sanduku langu lilikuwa na barua moja tu, kutoka Maskati. *"Nyamvula, mwanangu. Ndevu zikoje sasa?"*

Nilitoka nje, nikamtazama Fundi vizuri, maana ushahidi hautolewi kwa kubahatisha. Nikarudi nikaandika: *"Nyeupe hadi kidevuni. Ncha bado nyeusi. Zinampendeza. Wimbo ni uleule."*

Nikaipeleka. Kisha nikabonyeza kutoka, nikatazama jina la juu kama limeondoka, nikabonyeza tena.